Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kufuatilia Maana na Asili ya Neno la Kiingereza, kwa Mfano wa "Road"

Kazi ni ile ile kila muhula: "Eleza maana na asili ya neno moja la Kiingereza lenye maana ya njia." Mwanafunzi anachukua simu, ananakili mistari miwili ya juu, anaongeza tafsiri ya Kiswahili, anakabidhi. Inarudi imejaa wino mwekundu. Watafsiri chipukizi nao hukwama papo hapo, ila wao hurudishiwa na mteja.

Kiingereza chao mara nyingi hakina shida. Shida ni kwamba maana ya neno na asili ya neno ni maswali mawili, nao wameyajibu kama moja. Hapa chini tutayatenganisha kwa kulifuatilia neno *road* mpaka mwisho. Nimelichagua kwa sababu kila mtu anadhani analijua.

## Vifaa

Viweke mezani kabla hujaanza.

- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, toleo la miaka ya karibuni. Ya Oxford, Cambridge au Longman, yoyote inafaa. Hii ni ya maana za leo tu.
- Oxford English Dictionary, ile kubwa ya kihistoria. Hupanga maana kwa umri na kuweka sentensi zenye mwaka. Mtandaoni ni ya kulipia, kwa hiyo uliza kwanza maktaba ya chuo.
- Online Etymology Dictionary ya Douglas Harper. Ni ya bure, na kwa kazi ya kawaida inatosha.
- Biblia ya Kiingereza ya King James, ya 1611. Inapatikana bure mtandaoni. Utaona inatufaa nini.
- Kamusi ya Kiswahili, kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili.
- Daftari lenye safu nne: maana, wakati, mfano, ulikoupata.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke kabatini kwa sasa. Ukifungua *road* utaambiwa "barabara, njia", na ukifungua *way* utaambiwa "njia, namna". Ukishaona hivyo akili inafunga kazi, nawe hujaanza.

## Hatua ya 1: Kusanya maana za leo, kila moja na sentensi yake

Fungua kamusi ya wanafunzi na uandike kila maana ya *road*. Usiandike tafsiri peke yake, andika sentensi. Maana bila sentensi huwezi kuipima baadaye.

Utapata takribani hizi:

1. Barabara iunganishayo sehemu mbili: *the road to Arusha*.
2. Mwendo wa kulifikia jambo: *the road to independence*.
3. Hali ya kuwa safarini: *the band is on the road*, bendi iko ziarani.
4. Maji tulivu karibu na pwani ambako meli hutia nanga. Hapa neno huwa katika wingi, *roads*. Mfano ni Hampton Roads, jimboni Virginia, Marekani.

Onyo: Ile ya nne ndiyo wanafunzi huifuta, kwa kuiona kama imepotea njia ikaingia kamusini. Usiifute. Maana inayoonekana ya ajabu mara nyingi ni ya zamani kuliko zenzake, na ndiyo itakayokufungulia mlango huko mbele.

Umefaulu ukiwa na maana zisizopungua nne, kila moja na sentensi ambayo hukuitunga mwenyewe.

## Hatua ya 2: Litenganishe neno na majirani zake

Kiingereza kina *road*, *street*, *way* na *path*, na sisi mara nyingi yote tunayaita njia. Usipojua mpaka wa neno lako na jirani yake, hujajua maana yake.

Tumia jaribio la kubadilisha: chukua sentensi moja, toa neno, ingiza jirani, sikiliza.

*The road to recovery* ni sawa. *The path to recovery* ni sawa pia. *The street to recovery* haisemwi. Kwa hiyo *street* imefungwa na mji na nyumba zake, haiendi safari ya kimawazo. Sasa jaribu *I am on my way*. Ukiweka *on my road* sentensi inavunjika, maana *way* inaweza kuwa mwendo wenyewe bila ardhi ya kukanyagia. Ndiyo sababu *way* peke yake kati ya haya manne hubeba maana ya "namna" au "jinsi".

Ushahidi mwingine uko kwenye vibao vya mijini kwetu. Thika Road inakwenda Thika, Ngong Road inakwenda Ngong, Morogoro Road na Bagamoyo Road zinatoka Dar es Salaam kuelekea majina yake. Biashara Street ya Nairobi haikupeleki mji uitwao Biashara. Ni mtaa wenye maduka. *Road* ina kule inakoelekea, *street* ina wakazi pande mbili.

Onyo la kwanza: Majina ya barabara ni kielekezo tu, si sheria. Miji hupanuka, na barabara iliyokuwa ikitoka nje ya mji leo imezungukwa na maghorofa lakini bado inaitwa *Road*.

Onyo la pili: Vihusishi hubadilisha maana ghafla. *He is on the way* ni "yuko njiani, anakuja". *He is in the way* ni "amekaa njiani, anazuia watu". Nimeona tafsiri ikimgeuza mgeni rasmi kuwa kizuizi kwa kukosea neno moja la herufi mbili.

Onyo la tatu: Angalia ni Kiingereza cha wapi. Reli kwa Mwingereza ni *railway*, kwa Mmarekani ni *railroad*. Ndiyo maana R ya TAZARA ni ya *Railway*, na shirika la reli la Kenya linaitwa Kenya Railways: tulirithi mazoea ya Uingereza.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja *road* inafanya nini ambacho *street* haifanyi, na kinyume chake.

## Hatua ya 3: Panga maana kwa umri

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, kwa hiyo twende polepole.

Watu hudhani maana ya kwanza kwenye kamusi ndiyo ya zamani zaidi. Kamusi za wanafunzi hupanga kwa matumizi: inayotumika sana inakuja juu. Umri unaupata kwenye kamusi ya kihistoria peke yake. Fungua *road* kwenye Oxford English Dictionary au kwa Harper, kisha jaza safu ya wakati.

Kiingereza cha Kale, kabla ya takribani 1100. Neno ni *rād*. Maana yake ni kitendo cha kupanda farasi, safari ya juu ya farasi, na pia uvamizi wa wapanda farasi. Katika utenzi wa *Beowulf*, mstari wa 10, bahari inaitwa *hronrād*: mahali nyangumi anapopita, kana kwamba bahari ni uwanja wake wa mbio.

Karne ya 14. Linatumika kwa maji yaliyokingwa ambako meli hutulia nangani. Ile maana ya nne uliyotaka kuifuta, hiyo hapo.

Miaka ya 1590. Ndipo linapoonekana wazi kwa maana ya barabara, njia iliyo wazi kati ya mahali na mahali.

Soma tena mstari huo wa mwisho. *Road* kwa maana ya barabara ni maana changa. Kwa karne nyingi kabla ya hapo Waingereza walisafiri bila kukosa neno, kwa sababu walikuwa na *way* na *street*.

Sasa thibitisha kwa macho yako, usiniamini mimi. Fungua King James, 1 Samweli 27:10. Akishi anamuuliza Daudi: *Whither have ye made a road to day?* Msomaji wa leo atadhani Daudi alikuwa mkandarasi. Akishi anauliza ni wapi walikovamia siku hiyo, na Biblia ya Kiswahili katika aya hiyo inazungumzia kushambulia, si kujenga. Mwaka 1611 maana ya zamani ilikuwa ingali hai.

Ushahidi wa pili ni ramani. Katika lile eneo dogo la kale liitwalo City of London, ndani ya jiji kubwa la London, kuna *Street* na *Lane* tele, lakini kwa karne na karne hapakuwa na njia hata moja iliyoitwa *Road*. Mitaa ile ilipata majina kabla neno halijapata maana hiyo. Hali ilibadilika 1994, mipaka iliporekebishwa na sehemu ya Goswell Road ikaangukia ndani. Huu ndio ushahidi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu unaweza kuukagua kwa kidole kwenye simu.

Onyo: Mwaka ulioandikwa kamusini si siku ya kuzaliwa kwa neno. Ni mwaka wa andiko la zamani zaidi lililopatikana. Andika "linaonekana katika maandishi kuanzia…", usiandike "lilibuniwa mwaka…". Mtahini makini hukata alama hapo bila huruma.

Umefaulu ukiwa na angalau vipindi vitatu vyenye maana tofauti, na mfano mmoja ambao wewe mwenyewe umeusoma ulipoandikwa.

## Hatua ya 4: Pima sauti

Umeambiwa *road* limetoka *rād*. Utajuaje kwamba si hadithi tu? Kwa kupima sauti. Sauti za lugha hazibadiliki kiholela. Irabu moja ikigeuka katika neno moja, inageuka pia katika maneno mengine yenye irabu hiyo.

Tafuta maneno mengine ya Kiingereza cha Kale yenye *ā* ndefu uone yamekuwa nini:

- *bāt* limekuwa *boat*
- *stān* limekuwa *stone*
- *hām* limekuwa *home*
- *bān* limekuwa *bone*
- *rād* limekuwa *road*

Mstari umenyooka. Sasa panda kaskazini, Scotland, ambako *ā* hiyo ilichukua mkondo mwingine: wao husema *stane*, *hame*, *bane*. Kwa kanuni hiyo, *rād* kwao liwe nini? Liwe *raid*. Na ndivyo lilivyo: *raid*, uvamizi, ni neno lile lile kwa matamshi ya Kiskoti. Lilikuwa limefifia, na mwandishi Walter Scott akalirudisha katika matumizi mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo Kiingereza cha leo kina neno moja lililoingia mara mbili, barabara kwa mlango wa kusini na uvamizi kwa mlango wa kaskazini.

Hatua moja zaidi. *Rād* ni nomino iliyotokana na kitenzi *rīdan*, ambacho leo ni *ride*. Sisi huunda nomino kwa viambishi: cheza, mchezo, vuka, kivuko. Kiingereza cha Kale mara nyingi kilibadilisha irabu ya ndani, na alama zake bado zipo: *sing* na *song*, *ride* na *road*.

Onyo: Ukipata neno moja tu linalofuata mgeuko unaoudai, huna kanuni, una bahati. Tafuta matatu au manne kabla ya kuandika.

Umefaulu ukiweza kutabiri umbo la neno jingine kwa kanuni yako, kisha kamusi ikakubaliana nawe.

## Hatua ya 5: Tafuta ndugu, wakatae wanaofanana sura tu

Ndugu wa *ride* ni *reiten* la Kijerumani na *rijden* la Kiholanzi. Ndugu wa *way* ni *Weg* la Kijerumani. Yaandike, yanaonyesha kwamba maneno haya ni mali ya zamani ya ukoo wa lugha za Kijerumaniki na hayakuazimwa jana.

Halafu kuna mtego unaowanasa wasemaji wa Kiswahili hasa. *Way* la Kiingereza, na *wayo* letu, lile ambalo wingi wake ni nyayo. Sura zinakaribiana, maana zinakaribiana, na vidole vinawasha kuandika kwamba moja limezaa lingine. Hapana. *Way* lilikuwa *weg*, likiishia na *g* kabla sauti hiyo haijalainika. *Wayo* ni neno la Kibantu. Rudisha kila moja nyuma miaka elfu uone kama yanazidi kukaribiana au yanaachana. Haya yanaachana.

Kinyume chake, angalia *street* na *sirati*. Kwa sikio hayana uhusiano wowote. Lakini *street* ni *strǣt* la Kiingereza cha Kale, lililoazimwa kutoka Kilatini *strata*, yaani njia iliyotandazwa mawe. Wataalamu wengi wa lugha wanaeleza kwamba *strata* hilo hilo lilipita katika Kigiriki na Kiaramu likaingia Kiarabu kuwa *ṣirāṭ*, yaani njia, neno la aya ya sita ya Suratul Fatiha. Kutoka Kiarabu likatufikia sisi. Hapa kuna barabara za Warumi zilizofika hadi Uingereza upande mmoja na Mashariki ya Kati upande wa pili. Mahali pa lugha kukutana panajulikana.

Kwa hiyo kabla ya kumkubali ndugu yeyote, muulize mambo matatu: sauti zinafuata kanuni? Wasemaji walikutana wapi? Wakati unaruhusu? Akikosa hata moja, mwache nje.

Umefaulu ukiwa na ndugu wawili wa kweli na angalau mmoja uliyemkataa, na sababu ya kumkataa umeiandika. Wengi huficha waliowakataa. Waonyeshe, ndio wanaothibitisha kwamba ulifikiri.

## Hatua ya 6: Eleza daraja kati ya maana na maana

Una orodha ya maana kwa umri. Kinachokosekana ni namna neno lilivyovuka kutoka moja kwenda nyingine. Kupanda farasi kuligeukaje barabara?

Jina la tendo liligeuka jina la mahali pa tendo. Mwanzo *rād* ni kupanda, kisha safari ya kupanda, kisha pale watu wanapopitia wakiwa juu ya farasi, mwishowe njia yoyote hata kama farasi hayupo. Kwa Kiswahili hili si geni: *kivuko* kimetokana na kuvuka, na leo ni mahali pa kuvukia na chombo kinachovusha pia. *Malisho* yametoka kwenye kulisha yakawa eneo lenyewe.

Na bandarini? Kiingereza husema meli iliyotia nanga *rides at anchor*, inapanda mawimbi bila kwenda popote. Mahali inapofanya hivyo pakaitwa *road*. Maana iliyoonekana chizi katika hatua ya kwanza sasa imekaa pake.

Onyo kubwa kuliko yote: Asili haiamui maana ya leo. Usiandike kwamba "maana halisi ya *road* ni kupanda farasi, watu wamepotosha". Maana halisi ya neno ni ile wasemaji wanayoelewana nayo sasa. Dereva wa daladala aliye Morogoro Road hajapotosha chochote.

Umefaulu ukiweza kulisimulia neno tangu maana ya kwanza hadi ya mwisho bila kuruka pengo.

## Hatua ya 7: Andika

Anza na maana za leo, kisha umbo la kale, kisha maana kwa umri, kisha ndugu. Usizichanganye. Hivi ndivyo aya fupi ya *road* inavyoweza kusomeka:

> Leo *road* ni barabara iunganishayo mahali na mahali. Pia ni mwendo wa kulifikia jambo, hali ya kuwa safarini, na, katika wingi, maji tulivu ya kutilia nanga. Limetokana na *rād* la Kiingereza cha Kale, nomino ya kitenzi *rīdan*, "kupanda farasi". Mwanzo lilimaanisha safari au uvamizi wa juu ya farasi, maana ambayo bado inaonekana katika Biblia ya King James ya 1611. Maana ya bandarini ni ya karne ya 14; maana ya barabara inaonekana wazi kuanzia miaka ya 1590. *Raid* ni neno lilo hilo kwa umbo la Kiskoti.

Sasa ndipo utoe kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili kabatini. Utaisoma kwa jicho jingine.

## Maneno ya kujipima

Route. Fuata mpaka Kilatini *rupta*, njia "iliyovunjwa", yaani iliyofyekwa. Ukifika hapo utaona *routine* limetoka wapi.

Trade. Gumu, na linaudhi kidogo. Limeingia kutoka lugha za pwani ya Ujerumani na Uholanzi kwa maana ya mkondo au njia inayofuatwa. Biashara ilikuja baadaye. Kabla ya kutafsiri *trade winds* kuwa "pepo za biashara", angalia jina hilo lilipoanza lilimaanisha nini: upepo uvumao mkondo mmoja bila kugeuka.

Gate. Ukifika mji wa York, Uingereza, utakuta njia zinazoitwa Stonegate na Micklegate. Usitafute lango. Sehemu hiyo ya jina ni *gata* la Wanorsi, watu wa kale wa Skandinavia, na maana yake ni mtaa. Malango ya ukuta wa York yanaitwa *Bar*, kwa hiyo anayefika Micklegate Bar yuko langoni, hata kama amekwenda pale akitafuta bia.